Mgonjwa Mwenye Maneno Makali



Somo letu la mwezi huu ni habari ya Naamani, katika 2 Wafalme, mlango wa 5, tokea mstari wa 1 hata wa 14. Twawaomba mlifungue na kulisoma kwanza, ndipo mrudi kwenye maneno haya, maana hatutalinakili hapa. Twaandika hasa kwa ajili ya ndugu zetu wafanyao kazi hospitalini: wauguzi na matabibu, wakunga, wapimaji wa damu, wao waketio dirishani kuandika majina, na wao wafuao mashuka na kufagia wodi. Watu hawa ni wa sharika zetu, ingawa Jumapili nyingi hatuwaoni kanisani kwa sababu ya zamu. Nao hutuuliza neno moja mara kwa mara: Tumfanyieje mgonjwa atutukanaye? Twamwosha kidonda naye atupigia kelele. Twamletea dawa naye aitema. Twakesha naye usiku kucha, na asubuhi awaambia jamaa zake kwamba hakuna mtu aliyemwangalia. Je, upendo wa Mkristo ni kunyamaza tu?

Tumemchagua Naamani kwa sababu yeye alikuwa mgonjwa mgumu kweli kweli. Tutazame kwanza jinsi alivyokuja. Alikuwa jemadari wa jeshi la mfalme wa Shamu, mtu aliyezoea kusema neno likatendeka mara moja. Akaja na farasi na magari, na talanta 10 za fedha, na vipande 6,000 vya dhahabu, na mavazi 10. Tena alikuja na barua ya mfalme wake. Lakini barua ile ilipelekwa mahali pasipo pake, kwa mfalme wa Israeli, naye alipoisoma akayararua mavazi yake kwa hofu. (Waijuao hospitali watacheka kidogo hapa, maana hata zamani zile mgonjwa alitumwa kwenye dirisha lisilo lake, akamkuta mtu asiye na dawa, na mtu yule naye akapiga kelele.) Ndipo akafika nyumbani kwa Elisha, akasimama mlangoni pamoja na msafara wake wote, na nabii hakutoka. Akamtuma mjumbe tu kumwambia aende akajichovye mara 7 katika mto Yordani.

Naamani akakasirika, akageuka kwenda zake. Na Maandiko hayatufichi sababu ya hasira yake. Alikuwa amekwisha kuwaza moyoni mwake jinsi atakavyotibiwa: nabii atatoka nje, atasimama mbele yake, ataliitia jina la Mungu wake na kuupitisha mkono wake mahali penye ugonjwa. Alikuja na picha moyoni, na picha ile ikavunjika mlangoni. Hivyo ndivyo wajavyo wagonjwa wote. Mmoja amewaza sindano, akapewa vidonge. Mwingine ametoka kijijini alfajiri na mapema, akiwaza kwamba saa sita atakuwa amekwisha kuonwa, na jua likatua yu kwenye benchi. Mwingine alidhani mganga mkuu mwenyewe atamgusa, akaja kijana mwenye umri wa mjukuu wake. Tiba yenyewe Naamani alikuwa amekwisha kupewa, tena tiba iliyo kamili. Aliyoikosa ni heshima. Na chini ya ile heshima aliyoidai kwa nguvu, chini ya yale mavazi mazuri, palikuwa na ngozi yenye ukoma na mtu aliyeogopa.

Wengine hutuuliza kama Elisha hakukosa, kwa kuwa hakutoka. Sisi hatumhukumu nabii wa Bwana; yeye alikuwa na sababu yake, ili jemadari yule ajue kwamba aponyaye ni Mungu, wala si mkono wa mtu. Lakini sisi si manabii. Mgonjwa akisimama mlangoni, nasi tumo ndani twanywa chai, tutoke.

Sasa watazameni watumishi wa Naamani, maana hao ndio walimu wetu katika habari hii, ingawa majina yao hayakuandikwa. Bwana wao alikuwa akienda zake kwa ghadhabu, akiusifu mto Abana na mto Farpari wa kwao Dameski kuliko maji yote ya Israeli. Wangaliweza kunyamaza, maana ukoma haukuwa wao. Wangaliweza kubishana naye juu ya mito, ni upi ulio safi. Na mabishano yale yangalifika Dameski bila mtu kupona. Hawakufanya hivyo. Kwanza walimkaribia, na kumkaribia mtu mwenye hasira si jambo jepesi. Kisha wakamwita baba. Kisha wakamwuliza neno ambalo jibu lake alilijua mwenyewe, kwamba kama angaliambiwa jambo gumu angalilifanya. Basi hili jepesi je? Hawakumtetea Elisha wala hawakumwambia Naamani kwamba ana kiburi, ijapokuwa kiburi alikuwa nacho. Wakamwachia nafasi ya kugeuka bila kuaibika. Naye akashuka mtoni.

Neno lile la kumwita baba si la kupaka rangi juu. Sisi watu wa nchi hizi twajua sana uzito wake, walakini katika hospitali nyingi limepotea. Mzee mwenye mvi aitwa kwa namba ya kitanda. Bibi mwenye wajukuu aambiwa na binti wa miaka 22, «Wewe, geuka!» wala shikamoo hakupewa. Halafu twashangaa kwamba ana maneno makali! Muuguzi aingiaye wodini asubuhi akamwamkia mzee kama amwamkiavyo babu yake, akamtaja jina, akamweleza mkono wake unakwenda kufanya nini kabla haujamgusa, huyo amekwisha kuzima nusu ya moto kabla haujawaka. Wala hili halitaki dakika nyingi wala fedha.

Hata hivyo kuna jambo ambalo watumishi wote wa hospitali yawapasa kulijua kabla ya kusema habari za tabia ya mtu. Ukali wa ghafula mara nyingi ni ugonjwa wenyewe unaosema. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari ya damu yake imeshuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita huweza kutoka jasho, akatetemeka, kisha akakasirika na kusema maneno yasiyo yake, hata watu wadhani amelewa. Akiachwa hivyo kwa kuwa ametukana, aweza kuzimia na kufa. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu mpole apigane. Tena dawa ya kwinini yenyewe huweza kuishusha sukari. Mzee mwenye kichomi, au mwenye ugonjwa katika njia ya mkojo, huchanganyikiwa, hasa usiku, akamwita muuguzi mwizi. Aliyeanguka akaumia kichwa, akaanza kuhangaika na kuvuta dripu, pengine damu inavuja ndani ya fuvu. Asiyepata hewa ya kutosha huitupa ile mipira ya oksijeni ambayo ndiyo uhai wake. Na mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku, akalazwa kwa mguu uliovunjika, ikipita siku 2 au 3 bila kunywa, huanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani na kumpiga amkaribiaye. Hiyo nayo ni hatari iwezayo kuua kama hakutibiwa. Basi mgonjwa aliyekuwa mtaratibu jana akiwa mkali leo, pima kwanza. Pima sukari, pima joto, pima hewa, mtazame macho. Hasira yako itangoja.

Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Betheli walianzisha kazi ya kuwatunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi hiyo ingaliko mikononi mwa Kanisa. Watumishi wa mahali kama pale wameitwa majina mabaya mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Nao huyasikia matusi kama vile mwingine asikiavyo kikohozi, ni dalili ya kuandikwa katika kitabu. Wengi wetu hatuwezi kufika hapo kwa siku moja, lakini ni vizuri kujua kwamba pako.

Tena liko jambo la kungoja. Florence Nightingale, yule Mwingereza aliyejifunza kazi kwa madiakonisa wa Kaiserswerth katika Ujerumani mwaka 1851 (nyumba hiyo iliyoanzishwa na mchungaji Theodor Fliedner mwaka 1836 ni mama wa wauguzi wengi wa Kilutheri), alifundisha katika kitabu chake cha yapata mwaka 1860 kwamba kutokujua, na kungoja, na kuogopa lijalo humdhuru mgonjwa kuliko kazi ya mwili. Akakataza pia kunong'ona mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Tumeliona hili kwa macho yetu. Watu 60 waliambiwa «ngojeni» tu, na kufika saa saba walikuwa tayari kuuvunja mlango. Siku nyingine watu wengi vilevile waliambiwa kwamba mganga yu katika chumba cha upasuaji kwa ajili ya mama aliyetoka damu, na kwamba hatatoka kabla ya saa nane. Wakakaa, wengine wakaenda kununua ndizi, na mmoja akamwombea yule mama. Kungoja kulikuwa kule kule.

Wala tusidhani kwamba imani humfanya mtu kuwa mgonjwa mpole. Martin Luther mwenyewe, mwezi wa Februari 1537, aliugua katika mji wa Schmalkalden kwa jiwe lililouzuia mkojo wake siku nyingi. Matabibu wakamnywesha vinywaji vingi na kumtesa kwa dawa zao, naye akawalalamikia kwa uchungu, akataka kuondolewa mahali pale hata kama atakufa njiani. Wakamchukua kwa gari, na katika kutikiswa kwa gari mkojo ukafunguka. Mtu huyu ndiye aliyekaa Wittenberg mwaka 1527 wakati wa tauni, wengine walipokimbia, akawatunza wagonjwa nyumbani mwake. Siku moja mtunzaji, siku nyingine mgonjwa mwenye kunung'unika. Na mtu ni yule yule.

Sasa twaja kwenye jambo zito, nasi hatutalisema kwa kuzungukazunguka. Mgonjwa aliyelala kitandani hana silaha ila ulimi. Lakini sisi tunayo mikono, tunayo funguo za kabati, tunayo saa, tunayo sindano, na giza la usiku ni letu. Mgonjwa akitutukana, kila mtu wodini asikia. Sisi tukijilipiza kisasi, hakuna asikiaye. Dawa ya maumivu iliyopasa kutolewa saa nne itolewe saa sita. Shuka lenye mkojo liachwe hata zamu ijayo. Sindano ichomwe kwa nguvu kuliko ilivyo lazima. Maji ya kunywa yawekwe pale ambapo mkono wake haufiki. Kengele au sauti yake iitikiwe mwisho, baada ya wote. Hakuna hata moja kati ya hayo liandikwalo katika kitabu cha zamu. Lakini yote yaandikwa kwingine. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ameifafanua amri ya 5 hivi: mtu huivunja kwa kumdhuru jirani mwilini, na huitimiza kwa kumsaidia katika shida zote za mwili. Ni nani basi aliyewekwa karibu na amri hii kuliko muuguzi wa usiku?

Na mahali ambapo kisasi hiki huonekana zaidi ni chumba cha kuzalia. Mwanamke mwenye uchungu hupiga kelele, humshika mkunga nguo, humlaani mumewe na pengine mkunga pia. Hutukuzaliwa sisi sote katika kelele kama hizo? Walakini wako wakunga waliojibu kwa kofi la paja na kwa maneno ya aibu ambayo hatutayaandika katika gazeti la Kanisa. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa akina mama waliojifungua katika hospitali na vituo vya mkoa wa Tanga. Walipoulizwa wakiwa wanatoka, kama 19 katika kila 100 walisema walitendewa kwa dharau au ukali. Walipoulizwa tena nyumbani kwao, baada ya majuma machache, hesabu ikapanda kufika kama 28. Tafakarini tofauti ya hesabu hizo mbili. Wako waliosubiri mpaka wafike nyumbani kwao ndipo waseme. Na yule asemaye kwa jirani zake kwamba alipigwa hospitalini, je, jirani mwenye mimba atakwenda? Atazalia nyumbani, na damu ikimtoka usiku hatakuwapo mtu wa kuizuia. Hivyo neno moja la mkunga laweza kumwua mwanamke ambaye mkunga hajamwona kamwe.

Tunajua pia watakavyotujibu ndugu zetu: wauguzi ni wachache, wodi imejaa, mtu mmoja ana wagonjwa 40, mshahara umechelewa. Ni kweli, na wakubwa wa hospitali watajibu mbele za Mungu juu ya hayo. Mtu akifanya zamu mbili mfululizo hana subira ya kumpa mtu, kama vile kisima kilichokauka hakina maji ya kumpa hata mwenye kiu kali. Daktari mkuu au msimamizi wa wauguzi ahubiriye upole kila asubuhi, lakini hapangi zamu kwa haki, anawatwika wengine mzigo ambao yeye haugusi kwa kidole. Lakini mgonjwa wa kitanda cha 7 hakuipanga zamu. Si yeye aliyeuchelewesha mshahara.

Katika habari hii yumo Gehazi pia, tunamtaja kwa haraka. Elisha alikataa kupokea kitu. Gehazi mtumishi wake akamkimbilia Naamani nyuma, akajitwalia talanta 2 za fedha na mavazi. Ziko hospitali ambazo ukali wa wagonjwa una baba yake, na jina lake ni Gehazi. Mtu aliyedaiwa «chai» jana kwenye dirisha hatatusalimu kwa upole leo.

Na sasa, tufanyeje neno kali likisemwa? Rafiki za Ayubu walifanya vema kwa siku 7 za kwanza. Waliketi naye chini wala hawakusema neno, kwa sababu waliona ya kuwa maumivu yake ni makubwa mno. Walianza kuharibu walipofungua vinywa kumsahihisha. Ayubu alisema maneno makali sana, mengine juu ya Mungu mwenyewe, na mwishowe Bwana akawakasirikia wale waliomsahihisha. Basi tusiyasahihishe maneno ya mgonjwa yakingali ya moto. Keti kama pana kiti. Mtu aliyelala huona asimamaye juu yake kama hakimu. Shusha sauti yako chini ya sauti yake. Mwache amalize. Kisha ulitaje jambo lake, wala usiutaje ukali wake: «Umengoja tangu asubuhi, baba, na mguu unauma.» Mara nyingi baada ya neno hilo hulia. Kisha mwambie utafanya nini na saa ngapi, nawe uifanye saa hiyo; maana ahadi isiyotimizwa ni mbaya kuliko kunyamaza. Usimwambie «tulia», hakuna aliyewahi kutulia kwa kuamriwa. Wala usimwambie kwamba wako wagonjwa wenye hali mbaya kuliko yeye, ingawa ni kweli. Maumivu ya jirani hayajawahi kuwa dawa ya mtu.

Na jamaa wa mgonjwa? Hao wakati mwingine ni wagumu kuliko mgonjwa mwenyewe, maana wao wana miguu. Wanaingia watu 9 kwa pamoja, kila mmoja na swali lake, na kijana mmoja ameinua simu yake apige picha. Usishindane na simu. Uliza ni nani msemaji wao, kwa kuwa kila ukoo wa kwetu una msemaji wake. Mpeleke huyo kando, mpe kiti, mweleze yote kwa uwazi. Atawaeleza wenzake kwa lugha yao, nao watamsikia kuliko watakavyokusikia wewe.

Lakini si kila ukali huvumiliwa. Twasema hivi kwa sababu wako waalimu katika Kanisa wawaambiao wauguzi, hasa wale wa kike, kwamba wakipigwa wageuze shavu la pili na kuendelea na kazi. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba katika kila watumishi wa afya 100, kati ya 8 na 38 hupatwa na kipigo wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Wengi wa hao ni wauguzi. Bwana wetu mwenyewe, mtumishi wa kuhani mkuu alipompiga kofi, alimwuliza sababu ya kumpiga ikiwa amesema vema. Paulo naye, walipomfunga ili apigwe mijeledi, aliitaja haki yake ya Kirumi. Kwa hiyo muuguzi aliyeinuliwa mkono arudi nyuma, asimame upande wa mlango, amwite mwenzake, amwite mlinzi. Na jambo liandikwe siku ile ile, lipelekwe kwa mkubwa. Mwanamume amshikaye muuguzi mahali pasipo haki aambiwe waziwazi mbele ya wengine, na tangu hapo asihudumiwe na mtu mmoja peke yake. Hayo si kukosa upendo. Mgonjwa yule aendelee kupata dawa yake kwa saa yake, kidonda chake kifungwe kama cha wengine. Bwana alimponya sikio mtu aliyekuja kumkamata usiku. Lakini kwanza aliwaamuru wanafunzi waliokuwa na upanga waache.

Penye birika la matao matano palikuwa na mtu aliyeugua miaka 38. Yesu alipomwuliza kama ataka kupona, hakusema ndiyo. Alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kwamba wengine humtangulia. Akaponywa vivyo hivyo na malalamiko yake. Hatusomi kwamba alishukuru. Twasoma kwamba alikwenda akawaambia Wayahudi ni nani aliyemponya siku ya sabato, nao wakamwudhi Yesu kwa ajili ya hilo. Na katika wenye ukoma 10 alirudi mmoja, wala uponyaji haukuondolewa kwa wale 9. Muuguzi angojaye shukrani kama mshahara wa pili atakuwa maskini siku zote. Ikija, aipokee kwa furaha. Mwaka jana mama mmoja alirudi na kuku kwa muuguzi aliyemtukana majuma matatu mfululizo, na muuguzi yule alilia kuliko alivyolia siku za matusi.

Uchungu ubakiao moyoni baada ya zamu nao una njia zake. Njia mbaya ni kikao cha chumba cha wauguzi, ambapo mgonjwa hupewa jina la dhihaka, na zamu iingiayo hulipokea jina lile kabla ya kupokea habari za ugonjwa wake. Kuanzia hapo hakuna atakayemwendea kwa moyo mweupe. Amri ya 8 hutufundisha kumtetea jirani na kulitafsiri jambo lake kwa wema kadiri iwezekanavyo. Katika kukabidhiana zamu maana yake ni hii: asemaye «kitanda cha 7 ni mkorofi» aseme badala yake «kitanda cha 7 hajalala siku mbili, anaogopa kukatwa mguu, mkaribieni kwa upole». Habari hii yasaidia. Ile ya kwanza hupokezana hasira tu. Na mwenye uchungu mzito amtafute mkubwa wake au mchungaji wake, aseme yote faraghani bila kutaja jina la mgonjwa, maana siri ya mgonjwa ni amana.

Ninyi wengine msomao, msio watumishi wa hospitali, msidhani kwamba maneno haya yawapita. Sisi sote ndio wagonjwa wale. Chukueni vyeti vyenu na kadi ya bima kabla ya kutoka nyumbani. Semeni kweli juu ya dawa za miti shamba mlizokunywa. Msimtume mtoto wa mzee wa kanisa kupita mbele ya foleni. Mkidhulumiwa, mwendeeni msimamizi, mseme jambo lenyewe na siku na saa.

Na ninyi wainjilisti mwingiao wodini kuwaombea watu, mwulizeni kwanza muuguzi wa zamu ni nani awezaye kuzungumza na ni nani apumzike. Msisimame katikati ya chumba mkahubiri kwa sauti kuu. Yuko aliyesinzia sasa hivi baada ya usiku wa maumivu. Yule waliyewaambia kwamba ni mkali, nendeni kwake hata hivyo, mketi, mumwulize kwao ni wapi na mvua imeanza huko. Akiwafukuza, mwageni kwa adabu, mwache jina lenu kwa muuguzi, mrudi kesho saa ya kuona wagonjwa.